Ganda na ulimi: namna ya kushona pedi ya kufua inayokauka upesi

Pedi za kwanza nilizoshona zilikuwa nene sana. Matabaka 4 ya taulo, nimeyashonea ndani, nikafunga pande zote. Zilinyonya vizuri na nikaona nimemaliza kazi. Kisha ikaingia masika, na kwetu Tanga masika ni Machi hadi Mei, nguo inaweza kukaa kambani siku mbili isikauke. Binti mmoja wa jirani akanirudishia pedi yake, akaiweka juu ya cherehani bila kusema neno. Nilifumua mshono kwa wembe. Juu kitambaa kilikuwa safi, hata rangi haijapauka. Katikati ya taulo, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, kulikuwa na vidoa vyeusi vya ukungu, na harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mtoto yule alikuwa akiifua vizuri kila mara. Kosa lilikuwa langu mimi fundi.

Tangu hapo, nikishona pedi najiuliza kwanza itakaukaje. Kunyonya ni rahisi, karibu kila kitambaa cha pamba kinanyonya. Kukauka mpaka ndani ndiko kunakotenganisha pedi salama na pedi ya kukuletea muwasho.

Kwa hiyo pedi ninayokufundisha hapa ina sehemu mbili zinazoachana. Kuna ganda, jembamba, lenye mabawa ya kufunga kwenye chupi na kitambaa kisichopitisha maji ndani yake. Halafu kuna ulimi, kitambaa cha mstatili kinachokunjwa mara tatu na kuchomekwa juu ya ganda. Mabinti wenyewe ndio walioupa jina la ulimi, kwa kuwa unachomekwa kama ulimi wa kiatu. Ukiufua unaukunjua, unabaki kitambaa chembamba cha matabaka mawili, unakauka kama leso. Na ukiwa kambani hakuna anayejua ni nini. Sikuubuni mimi muundo huu. Unafanana na ule wa Days for Girls, shirika lililoanzishwa 2008 na mama wa Kimarekani baada ya kufanya kazi na watoto yatima Kenya. Vipimo vilivyo hapa ndivyo ninavyotumia mimi, baada ya kukata na kukosea.

Nasema mapema kwamba sina ugomvi na pedi za dukani. Mwenye uwezo anunue. Lakini tunajua hali. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na 2019 ikairudisha, ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Katikati ya mambo hayo kuna binti anayekata kipande cha godoro la sponji kwa sababu mwezi umefika na hela haipo. Mwongozo huu ni wake, na wa mama yake.

Vitu vya kutafuta

Kwa mtu mmoja shona maganda 3 na ndimi 8. Damu ikiwa nyingi, au ukiwa bweni ambako maji ni ya foleni, ongeza ndimi zifike 10 au 12. Ganda halilowi sana, unaweza kubadilisha ulimi na kubaki na ganda lile lile, ila likichafuka nalo libadilishe.

Kwa ajili ya ndimi tafuta flaneli ya pamba, kile kitambaa chenye manyoya laini cha kupokelea watoto wachanga. Mita 1 yenye upana wa sentimita 150 inakutosha na kubaki. Mashuka ya flaneli ya mitumba ni mazuri zaidi na ni rahisi. Mimi nayapata Ngamiani, hapa mjini Tanga, na kwa kuwa yameshafuliwa miaka mingi hayarudi tena, yaani hayasinyai. Fulana nzee za pamba pia zinafaa. Taulo siipendi kwa ulimi. Inanyonya, lakini vitanzi vyake vinashika damu na kufua kwake kunachosha mikono.

Kwa ganda, kanga iliyochoka kidogo inatosha, au kitenge cha pamba. Kwa rangi, nyeupe itakutia aibu ya doa hata likiwa doa safi. Nyeusi nayo naikataa, maana huoni kama umefua ukamaliza. Chukua maua au mistari yenye rangi ya kati.

Si kila kitambaa kinachoitwa pamba ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu, zichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ina polista, iache, italetea jasho na joto. Halafu dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Likizama papo hapo ni sawa. Likibaki juu likitembeatembea, ama kina polista ama bado kina wanga wa kiwandani. Kifue kwa sabuni mara mbili ujaribu tena. Kanga mpya ndivyo zilivyo.

Kitambaa kisichopitisha maji ndicho kinachosumbua. Kile maalumu chenye utando upande mmoja, kinachotumika kwa nepi za kufua, hakipatikani kila mji. Badala yake natumia kitambaa cha mwavuli. Mwavuli ukivunjika mbavu usiutupe: ule mkubwa wa pande 8 unatoa vipande 8 vya ganda, kimoja kila upande. Baba mmoja dereva wa bodaboda aliniletea mwavuli wake mbovu asubuhi moja, akasema ana mabinti wawili na mama yao hayupo, nimfanyie hesabu. Alikaa kwenye benchi mpaka nikamaliza ganda la kwanza, akaomba nimwoneshe na namna ya kufua akawaeleze. Nilimheshimu sana. Kabla ya kukata, jaribu: tandaza kitambaa juu ya kikombe, kibonyeze kidogo katikati, mimina vijiko viwili vya maji, subiri dakika 10. Kikombe kikibaki kikavu, kata. Usitumie mfuko wa plastiki. Unatoa sauti ukitembea, unapasuka ukifuliwa mara chache, na unachemsha mwili.

Vitu vingine ni uzi wa polista (uzi wa pamba unaoza mapema kwa kulowa kila mara), sindano ya cherehani namba 14, chaki, futi, mkasi, pini, na vifungo. Vifungo vya kubana, vile vya vipande viwili vinavyolia vikishikana, ndivyo bora. Kama huna, kifungo cha shati kilicho bapa na tundu lake. Pini ya kufungia nepi sikushauri, inapata kutu na ikifunguka inachoma.

Fua vitambaa vyote vya pamba kabla ya kukata, uvianike, uvipige pasi. Ukikata kabla ya kufua, flaneli itarudi na ulimi utakuwa mfupi kuliko ganda.

Kukata

Chukua boksi la karatasi ngumu utengeneze patani ya ganda. Chora mstari wa katikati wenye sentimita 27. Kiwiliwili kiwe na upana wa sentimita 9, na ncha zote mbili uziviringishe kwa kufuata mdomo wa kikombe cha chai, zisiwe na pembe. Katikati kabisa ya urefu toa mabawa, moja kila upande, yenye upana wa sentimita 8, mpaka kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili upate sentimita 20. Pale bawa linapoungana na kiwiliwili weka mviringo, si pembe kali. Vipimo hivi vina sentimita 1 ya mshono kila upande. Likiisha, ganda litakuwa na urefu wa 25, kiwiliwili 7, na bawa kwa bawa 18.

Kwa ganda la usiku ongeza sentimita 6 kwenye urefu, zote upande wa nyuma. Kwa binti mdogo anayeanza, punguza urefu sentimita 3 lakini upana usiuguse.

Kwa kila ganda kata vipande 2 vya kanga na 1 cha mwavuli kwa patani hiyo. Kisha kata vifuko 2: weka ncha ya patani juu ya kitambaa, fuata umbo lake mpaka sentimita 8 kutoka nchani, hapo kata moja kwa moja. Hivi ndivyo vitakavyoshika ulimi mbele na nyuma.

Kwa kila ulimi kata vipande 2 vya flaneli, sentimita 24 kwa 20.

Kushona ganda

Anza na vifuko. Upande ule ulionyooka kunja pindo mara mbili, sentimita moja moja, ushone. Kama pindo likibaki wazi nyuzi zitachomoka baada ya kufua mara tatu.

Sasa panga. Weka kanga ya juu mezani, upande mzuri ukikutazama. Juu yake weka vifuko viwili, kila kimoja nchani kwake, upande mzuri nao ukikutazama, pindo likielekea katikati. Funika kwa kanga ya pili, upande mzuri ukitazama chini. Juu ya vyote weka kitambaa cha mwavuli. Ukigeuza baadaye, mwavuli utajikuta ndani katikati ya kanga mbili, na vifuko vitakuwa juu. Wanafunzi wangu wengi wanakosea hapa kwa kuweka mwavuli katikati kwa kuwa ndiko wanakotaka ukae, halafu wakigeuza wanaukuta nje. Panga ukitazama mahali utakapokuwa ukishageuza.

Bana kwa pini, lakini pini zikae kwenye ukingo tu, ndani ya ile sentimita 1 ya mshono. Kila tundu la pini katikati ya mwavuli ni mlango. Nimewahi kushona maganda 6 kwa haraka, nikapachika pini katikati ili yasitembee, na yote 6 yalivuja katika mstari mmoja ule ule. Nilipoyashika mbele ya dirisha niliona vitundu vinapitisha mwanga.

Shona kuzunguka, sentimita 1 kutoka ukingoni, ila ncha ya bawa moja uiache wazi. Anza na kumaliza pembeni mwa uwazi huo, na urudishe cherehani nyuma mara mbili tatu ili mshono usifumuke wakati wa kugeuza. Usifanye mishono midogo sana, kitambaa cha mwavuli kikitobolewa karibu karibu kinakatika kama karatasi ya risiti. Milimita 3 inatosha.

Punguza ukingo ubaki nusu sentimita, isipokuwa pale palipo wazi. Kwenye mviringo wa ncha na kwenye makwapa ya mabawa kata vijikato vidogo kuelekea kwenye mshono bila kuugusa. Ukivisahau vya makwapani, ganda litakunjamana na kukukwaruza pajani.

Geuza kupitia bawa lililo wazi. Sukuma ncha zitoke vizuri kwa mpini wa mwiko, mkasi usiutumie. Ingiza ndani sentimita 1 ya ncha iliyo wazi, kisha pitisha mshono wa juu kuzunguka ganda lote, milimita 3 kutoka ukingoni. Mshono huo ndio unaofunga uwazi na kulifanya ganda litulie. Usipitishe mshono mwingine wowote katikati, hata kama unaona panapendeza ukiweka maua.

Vifungo viweke sentimita 2 kutoka ncha ya kila bawa, katikati ya upana wake. Kwenye bawa moja kipande kimoja kitazame juu, kwenye bawa la pili kitazame chini, ili mabawa yakipandana chini ya chupi vishikane. Vaa ganda kwenye chupi ujaribu kabla ya kubana vifungo vyote. Likizunguka, sogeza kifungo nusu sentimita kuelekea ndani.

Asiye na cherehani anaweza kushona yote haya kwa mkono. Tumia mshono wa kurudi nyuma, uzi mara mbili. Mimi ganda moja la mkono linanichukua jioni mbili, na halina tofauti ya nguvu na la cherehani.

Kushona ulimi

Hii ni kazi ya dakika 10. Weka vipande viwili vya flaneli, pande nzuri zikitazamana, shona kuzunguka, acha sentimita 6 wazi, geuza, funga kwa mshono wa juu. Utapata 22 kwa 18. Kama kuna fundi wa ovaloki karibu, kata 22 kwa 18 tangu mwanzo, weka pande mbaya zikitazamana, mpelekee akupitishie ukingo, inakuwa nyembamba zaidi. Kunja mara tatu kwa upana, unapata ulimi wa sentimita 6 wenye matabaka 6. Chomeka ncha zake kwenye vifuko. Siku za damu nyingi weka ndimi mbili, ya pili ikiwa ndani ya mkunjo wa ya kwanza.

Kuvaa na kubadilisha

Badilisha ulimi kila saa 4 hadi 6 hata kama unaona haujajaa. Nawa mikono kabla na baada. Kwa kutoka nyumbani shona mfuko mdogo wenye vyumba viwili, kimoja cha ndimi safi, kingine ukitie kitambaa cha mwavuli kwa ndani. Ulimi uliotumika unaukunja sehemu yenye damu ikiwa ndani, unauweka kwenye chumba cha mwavuli mpaka urudi nyumbani. Usiuache humo hadi kesho yake.

Pedi za mtu ni zake. Dada kwa dada wasiazimane, wala mama na binti. Tarizi alama ndogo ya uzi wa rangi kwenye kona ya kila ulimi, kila mmoja na rangi yake.

Kufua

Maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yanaigandisha damu ndani ya nyuzi, na doa likishaganda hivyo halitoki. Kunjua ulimi, ulowekee kwenye maji baridi yenye chumvi kijiko kimoja cha chakula, nusu saa. Maji hayo mwaga chooni. Kisha paka sabuni ya mche, sugua flaneli kwa flaneli, suuza mpaka maji yatoke meupe. Usuuzaji ndio wanaoufupisha wengi, na sabuni ikibaki inakausha kitambaa kikawa kigumu na kuwasha. Kwangu lita 5 za maji zinatosha ndimi 3, kuanzia kuloweka hadi kusuuza, nikianza na maji kidogo na kubakiza mengi ya mwisho.

Dawa ya madoa ya klorini usitie. Inakula pamba, inaharibu utando wa ganda, na mabaki yake yanaunguza ngozi ya mahali pasipotaka kuunguzwa. Dawa kali za kuua vijidudu vilevile. Vilainisha nguo vinaziba flaneli isinyonye. Kijidoa kilichobaki baada ya kufua vizuri si uchafu, jua litakipunguza.

Ganda lifue kwa mkono mwepesi na usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze ndani ya taulo kavu.

Kuanika

Nikikutana na mama wa binti, hapa kwenye kuanika ndipo ninapokaa muda mrefu. Wanashona vizuri, wanafua vizuri, halafu mtoto anaambiwa aanike chini ya godoro, au nyuma ya kabati, au chini ya nguo nyingine nzito, ili kaka na baba wasione. Pale ndipo ugonjwa unapoanzia. Kitambaa chenye unyevunyevu, gizani, kisha kinarudi mwilini kikiwa nusu kikavu. Mama, mpe mwanao sehemu ya kamba. Ulimi uliokunjuliwa ni kitambaa cha maua kama vingine vyote, hauna umbo la kumsema. Ndiyo sababu nimeushona hivi. Ganda nalo liweke kivulini penye upepo kama jua ni kali sana, linakauka ndani ya saa chache kwa kuwa halina unene.

Ndimi zipate jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 au 5. Wakati wa masika zianike ndani karibu na dirisha, au jikoni mbali na moshi, halafu zimalizie kwa pasi. Pasi ya mkaa inafaa. Piga ulimi pande zote mbili mpaka mvuke uishe kutoka, halafu ushike kwa mgongo wa mkono. Kama bado una ubaridi, haujakauka. Pasi ina faida nyingine: kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wakianguliwa huingia kwenye ngozi. Moto wa pasi unayaua. Ganda usilipige pasi ya moto, mwavuli utayeyuka.

Zikishakauka ziweke kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki.

Dalili za kwenda kituo cha afya

Pedi yoyote, ya duka au ya kushona, haitibu. Ukiona unajaza pedi ndani ya saa moja, na saa inayofuata, na inayofuata. Au damu inapita siku 7. Au kuna muwasho, harufu isiyo ya kawaida, homa, au mabonge makubwa, nenda. Ukitaka kuchukua ulimi uliojaa uwaoneshe, hakuna aibu, unasaidia kueleza wingi.

Muda wa kuziacha

Kila baada ya miezi mitatu kagua. Shika ganda mbele ya dirisha utafute vitundu, na urudie jaribio la kikombe. Nusa ulimi mkavu. Ukiwa na harufu hata baada ya jua, au tone la maji likikaa juu bila kuzama, umekwisha kazi. Ukifua inavyotakiwa, seti moja inavuka mwaka bila shida. Ganda likichoka kabla ya ndimi, ng'oa vifungo uvihifadhi, ufumue vifuko, ukate jipya kwa patani ile ile ya boksi. Patani itundike msumarini karibu na cherehani, maana mdogo wa binti ataihitaji.